Nilipoongeza Sauti

Nyanchwa, usiku wa kuamkia safari yako

Kerubo mwanangu,

Mambo ya koti, ya dawa, ya pasipoti ikae mfuko gani, sitaandika. Wameshakuambia wote. Tangu asubuhi nyumba imejaa watu wa kukufundisha baridi ya Ujerumani, na hakuna hata mmoja amewahi kupanda ndege. Hata baba yako mdogo, ambaye safari yake ndefu ni kupeleka ndizi Oyugis, alikuwa na mawaidha. "Ukifika huko kwenye kazi yako ya kutunza wazee, usikubali kuolewa na huyo mzee unayemlisha uji!" Mkacheka. Mimi pia nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nimekasirika. Sikumkasirikia yeye. Nilijikasirikia mimi, na hii hasira imekaa kwangu kama mchanga kwenye ugali, kila nikitafuna naisikia.

Unakumbuka ile Sabato uliniuliza swali? Tulikuwa tumetoka kula. Ulikuwa na vitabu vyako vya Kijerumani hapo kwenye meza, na ukasema mwalimu wenu amewasomesha habari za vita vyao kwa sababu mtaishi na hao watu. Ukafunga kitabu ukaniuliza, "Baba, hawa walikuwa na nini? Si walikuwa na shule, makanisa, madaktari? Walimfuataje yule mtu?"

Nami nikakujibu, "Wazungu ni wazungu tu." Halafu nikasema naenda kuangalia jenereta. Jenereta haikuwa na shida yoyote. Nilisimama nyuma ya nyumba nikiishika tu, kama mtu anayempapasa ng'ombe.

Mama yako alisikia. Alinifuata huko nje akaniuliza, "Unaogopa mtoto?"

"Naogopa nini?"

"Jibu unalijua. Utamwambia wewe kabla hajaenda, ama nitamwambia mimi ndani ya gari. Na mimi sijui kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa."

Mama yako akisema kitu hivyo, hakuna rufaa. Kwa hivyo hii barua ni jibu la swali lako. Nitakupa asubuhi gari likiwashwa, usome kabla hatujafika Nyansiongo. Kwa nini Nyansiongo, utaona.

Nianze na babu yangu. Alichukuliwa na jeshi la Mwingereza akiwa kijana wa kuchunga ng'ombe. Wakampeleka kwanza Abisinia kupigana na Waitaliano, baadaye wakampeleka Burma kupigana na Wajapani. Alirudi na koti moja zito na goti lililokuwa linamwambia mvua inakuja. Vita hakuwa anavisimulia sana kwa maneno, alikuwa anaviigiza. Tukimsumbua jioni, anasimama, anaweka mikono kiunoni, anainua kidevu juu hivi, anafura kifua kama jogoo. Hapo tunajua ni yule mkubwa wa Italia. Alisema kule Abisinia walishika mateka, vijana wadogo, wengine wanalia. Akamuuliza mmoja kwa ishara, nani alikutuma hapa kwa watu? Yule kijana, badala ya kutaja jina, akaweka mikono kiunoni akainua kidevu. Wote wakacheka, mateka na askari.

Nasi tulicheka kila mara babu akiigiza. Nilikulia kwenye hicho kicheko. Nilifikiri mtu kama huyo ni wa kuchekwa, na ukishamcheka umemaliza kazi.

Majina yao unayajua, huyo wa Italia na yule wa Ujerumani. Sitayaandika kwenye barua ya mtoto wangu. Waliimbwa vya kutosha wakiwa hai.

Nilipofika kidato cha nne nilikuta habari zao kwenye kitabu. Toa sababu za kutokea kwa Vita vya Pili vya Dunia. Hizo nilizijua kama wimbo wa shule. Wajerumani walishindwa vita vya kwanza, wakatozwa fidia, pesa yao ikawa karatasi, vijana wakakosa kazi. Akatokea mtu akawaambia kosa si lenu, kosa ni la Wayahudi, na la fulani, na la fulani. Wengine wakampenda, wengine wakamwogopa, wengine wakasema acha tumtumie kidogo halafu tutamtoa. Akashika serikali. Akafunga midomo ya wote. Akapasua mkataba wa amani, wakubwa wa Ulaya wakanyamaza. Akameza Austria, wakanyamaza. Akataka kipande cha nchi ya Wacheki, wakamkatia wao wenyewe kama nyama ya sherehe, wakasema sasa ameshiba. Akaingia Poland. Hapo ndipo wakaamka, na moto ulikuwa umeshafika kwenye paa.

Nilipata alama za juu. Mwalimu alisomea darasa zima majibu yangu. Kitu kinachoniudhi mpaka leo, Kerubo, ni kwamba hizo sababu zote nilikuwa nazo kichwani, na zilipofika kwetu zikiwa zimevaa gambuti sikuzitambua.

Huwa unaniuliza kwa nini Desemba hatuendi nyumbani kama wenzetu. Kwa nini tunakaa hapa Nyanchwa nyumba ya kupanga na tuna shamba letu kule juu ya Keroka. Nimekudanganya mara nyingi. Nimesema barabara ni mbaya, nimesema mambo ya mipaka na majirani. Ukweli ni huu.

Ulikuwa mchanga, bado unanyonya. Mimi nilikuwa kijana mwenye spika. Kijiji kizima ni mimi tu nilikuwa nazo, zile mbili za mdomo mpana kama tarumbeta, maiki moja, amplifaya na betri ya lori. Matanga ni mimi, harusi ni mimi, harambee ni mimi. Nilikuwa nasikia raha watu wakisema, "Yule kijana wa spika amefika, sasa mambo yaanze."

Miaka hiyo ilikuwa mibaya kwetu. Kahawa ilikuwa imeanguka, watu walikuwa wanang'oa miche. Vijana walikuwa wanashinda sokoni wamekaa kwenye mawe. Usiku ng'ombe wanaibiwa, mtu anapiga nduru na polisi wanafika jua likiwa utosini. Ndipo akaanza Ombati, mtu wa kijiji chetu. Alikusanya vijana wawe sungusungu, walinde vijiji usiku. Na nikuambie haki, mwanzoni walilinda. Ng'ombe wawili walirudi. Watu waliwapikia uji.

Sasa huyu Ombati alikuwa na sauti nyembamba, kama kuku anayetafuta pahali pa kutaga. Akisimama kuongea watu wa nyuma wanaanza kuongea yao. Siku moja akaja kwangu.

"Ndugu yangu, nisaidie na hiyo maiki. Nikiongea wanasinzia."

Nikamfundisha. Nilimwambia usiibandike mdomoni, iweke hapa chini ya kidevu. Sema pole pole. Ukishasema neno kubwa, nyamaza, waache walimeze. Na usifike mapema, chelewa kidogo, watu waanze kuulizana uko wapi. Hayo yote nilikuwa nimeyaona kwa wahubiri na wanasiasa, kwa sababu mtu wa spika ndiye peke yake kwenye mkutano asiyesikiliza maneno. Anasikiliza sauti tu.

Akajaribu pale pale uani kwetu, mama yako akiwa anaanika mahindi. Ile sauti ya kuku ilitoka kwenye spika ikiwa ya simba. Ombati mwenyewe alishtuka.

"Kumbe wewe ni mwalimu!" akaniambia.

Mama yako akasema bila kugeuka, "Na huyo mwanafunzi, umeuliza anataka kufaulu nini?" Nikamwambia wanawake mnapenda kuharibu kitu kizuri.

Baada ya hapo akawa haendi mahali bila spika zangu. Wazee wakaanza kunong'ona, wakaenda kwa chifu. Chifu akasema, "Mpeni soko alinde, atatulia." Akapewa soko. Akataka kusikiza kesi za mashamba. "Mpeni hizo ndogo ndogo." Akapewa. Akataka mtu asipite njiani usiku bila ruhusa ya vijana wake. Kila alipopewa, wazee walikuja kunywa chai kwetu wakisema sasa ameridhika. Na mimi, mwenye alama za juu, niliwamiminia chai.

Siku moja barazani alisimama akaweka mikono kiunoni, akainua kidevu. Sijui aliitoa wapi, labda mtu akipata nguvu mwili wenyewe unajua cha kufanya. Nilimkumbuka babu nikacheka peke yangu hapo kwenye mashine. Nilimsimulia mama yako jioni nikaigiza. Yeye hakucheka.

Mtu mmoja tu alimkatalia mbele ya watu, Mzee Nyakundi. Alikuwa na mguu mbaya, anatembea na fimbo. Alisimama akamuuliza, "Wewe Ombati, nani alikuchagua?" Watu wakacheka. Ombati pia akacheka, akamwambia, "Mzee, kaa chini, mguu utakuuma." Lakini hakusahau.

Mke wa Nyakundi aliitwa Bosibori. Naandika aliitwa kama amekufa, na hajafa. Anaitwa Bosibori. Alikuwa rafiki ya mama yangu, yule ambaye nilikupa jina lake. Mama alipolazwa ile mara ya kwanza, mimi nikiwa wa kuvaa kaptura, nilikula kwa Bosibori mpaka nikasahau ladha ya chakula cha kwetu. Alikuwa anajua miti ya dawa ya tumbo la watoto. Wewe mwenyewe umeinywa.

Halafu radi ikaua kijana. Unajua radi ya kwetu, mvua ya saa tisa. Alikuwa anachuma chai karibu na mpaka wa shamba la Nyakundi, kijana mzuri, wa kwanza kwao. Kijiji kizima kililia. Na kwetu, unajua vile tulivyo, mtu hafi bure. Lazima kuwe na aliyemtuma mbwa. Hakuna anayesema radi ni radi, wanatafuta mchawi.

Matanga niliweka spika mimi. Sisi watu wa spika tuna sheria yetu. Udongo ukishafunika, unazima mashine, unafunga nyaya, unaenda. Hakuna hotuba juu ya kaburi lililofungwa. Nilifundishwa hivyo na aliyenifundisha kazi, na sikuwa nimevunja hata mara moja, hata kwa mheshimiwa.

Nilikuwa nimeshaanza kukunja waya Ombati akaja. "Dakika tano tu, ndugu yangu."

Nikamwambia, "Tumemaliza."

"Watu wako na uchungu. Waachwe waende hivi hivi?"

Watu walikuwa wamesimama, hawaendi. Nikaona wananiangalia mkono. Nikarudisha waya.

Alishika maiki chini ya kidevu. Akasema pole pole, "Radi haina macho." Akanyamaza. Vile vile nilivyomfundisha. Uwanja ukawa kimya mpaka ukasikia mtoto akikohoa. Halafu akasema, "Nani aliionyesha njia?" Akanyamaza tena. Na hapo ndipo niliona kitu ambacho kitabu hakiwezi kukuonyesha. Jibu halikutoka kwake. Lilitoka kwa watu. Mmoja akasema chini chini, mwingine akarudia, jina likatembea kama maji yanayotafuta mteremko, mpaka likarudi kwake mbele, na yeye akalitaja kwenye maiki kama mtu anayesoma kile ameandikiwa. Bosibori.

Hakuwa hapo. Alikuwa ameenda mapema kumpa mzee wake chakula.

Wakaondoka. Vijana wakabeba spika zangu, moja begani kwa huyu, nyingine kwa yule, na wawili wakabeba betri. Mimi nikabeba amplifaya kifuani. Ungeniuliza siku hiyo nilikuwa naenda wapi, ningekuambia nafuata vyombo vyangu. Nimejiambia hivyo miaka yote. Nilikuwa nafuata vyombo vyangu.

Walisimamisha spika mbele ya uzio wake zikiangalia mlango. Ombati akamwita kwa maiki atoke. Akatoka. Mikono ilikuwa na unga wa wimbi mpaka kwenye kiwiko. Aliangalia ule umati, akapitisha macho kwa watu ambao wengine aliwashika wakizaliwa, mpaka akanipata mimi na amplifaya yangu juu ya jiwe. Hakunitukana. Alisema kama vile angeniambia nifukuze kuku.

"Wewe mwana wa Kerubo. Zima hiyo kitu, nisikike."

Mkono wangu ulikuwa kwenye kitufe tayari. Kitufe kidogo cha duara, ukigeuza huku kinazima, ukigeuza huku kinapanda. Hakuna mtu mwingine kwenye ule umati alikuwa na nguvu ya kubadilisha kitu chochote wakati huo, isipokuwa mimi. Ombati bila hicho kitufe alikuwa kuku. Aliniangalia.  Watu wa karibu nao wakaniangalia, na mmoja, ambaye tulisoma naye, akauliza kwa sauti ya utani, "Kwani huyu ni mama yako?"

Nikageuza. Nikageuza kwenda juu.

Sauti ya Ombati ikajaa boma lote. Bosibori aliendelea kusema. Niliona mdomo wake ukifunguka na kufunga, kwa muda mrefu, akinionyesha mimi kwa ule mkono wa unga. Nilikuwa karibu kuliko wote na sikusikia hata neno moja. Hakuna aliyesikia. Halafu mtu akatupa moto kwenye paa la jikoni.

Wapwa wake walimtoa Mzee Nyakundi kwa mlango wa nyuma, wakampakia kwenye wilbaro wakampitisha ndani ya majani chai. Bosibori akakimbia nyuma yake. Nyumba zote mbili zikaisha, na ng'ombe akafa kwenye kamba. Wao waliishi. Jioni Ombati alinirudishia spika mwenyewe, amezifuta vumbi na shati lake. Akanishika bega. "Bila wewe tusingesikika."

Kiberiti sikushika, mwanangu. Nimekaa nyuma ya hilo neno miaka yote kama mtu aliyejificha nyuma ya nguo kwenye kamba, miguu yote inaonekana. Yule Mjerumani naye hakushika. Alikuwa na maiki, alikuwa na redio kila nyumba, na alikuwa na mtu mahali fulani wa kuongeza sauti. Wayahudi waliuawa kwa mamilioni, wazee na watoto wachanga, na aliyeongeza sauti akarudi kwake jioni akakunja nyaya.

Mambo yalivyoendelea ni kama vita vyenyewe. Mwanzo walishinda kila mahali. Yule wa Ujerumani alimeza Ufaransa kwa muda wa kukausha mahindi, akarusha mabomu London kila usiku, akaona dunia ni yake, akageukia Urusi na theluji ikamkunja. Ombati alichoma boma la pili na la tatu, akatoza akina mama sokoni kuku, halafu vijana wake wakampiga mtoto wa chifu yule yule aliyesema mpeni soko atatulia. Hapo sasa ndipo wazee wakaona hatari! Polisi wakaletwa kutoka nje, gari baada ya gari. Ombati akatoroka.

Vita vya babu viliisha hivi. Wa Italia alipigwa risasi na watu wake, wakamning'iniza miguu juu, kidevu kikaangalia chini. Wa Ujerumani alijiua kwenye shimo chini ya ardhi. Japani ikaangushiwa yale mabomu mawili. Babu alisikia akiwa Burma, ruba wakiwa kwenye buti zake, na alisema hawakushangilia sana, walilala. Lakini vya kwetu havikuisha hivyo. Ombati alirudi mambo yalipopoa. Leo anauza mahindi. Nilimkuta Keroka mwaka jana akinunua sukari, amezeeka, ananiita ndugu yangu, ananiuliza watoto hawajambo. Hakuna aliyeshtakiwa. Ukiuliza kijijini, huyu atakuambia alikuwa nyuma, huyu alikuwa anaangalia tu, huyu alikuwa ameenda kukamua. Ukiwasikiliza wote utafikiri siku hiyo hakukuwa na mtu. Hasira inanishika, naanza kufungua mdomo, halafu nakumbuka mimi nilikuwa nafuata vyombo vyangu.

Mzee Nyakundi hakumaliza mwaka. Walikuwa wamekimbilia Nyansiongo, kwa mtu aliyewapa pahali pa kuweka kibanda. Alizikwa huko, kwenye shamba la kuazima. Unajua hiyo ni nini kwetu, mwanamume mwenye boma lake kulala kwenye udongo wa mwingine. Mama yako alipopata hiyo habari alifunga nguo zako kwenye shuka. "Mtoto wangu hatajifunza kutembea juu ya hilo jivu." Ndivyo tulikuja Nyanchwa.

Sasa utasema, Baba, si ulijifunza? Hapo ndipo nachoka kabisa. Mwezi uliopita walikuja vijana watatu hapa, unawakumbuka, ulidhani ni wa harusi. Wana mkubwa wao anayetaka kiti. Wakanipa maneno atakayosema, ili nijue pahali pa kupandisha. Ni yale yale. Kosa si lenu. Kuna watu wamekuja wametuharibia. Nikakataa. Nilijiona nimekuwa mtu. Kerubo, wakaenda wakachukua spika za mwingine, kubwa kuliko zangu, na siku ya mkutano nilikaa hapa kwenye ngazi nikasikia kila neno likipanda mpaka huku kilimani. Watu walishangilia. Sauti ilikuwa safi sana, nikajikuta nafikiria amplifaya yake ni ya aina gani. Ndiyo mimi huyo.

Sina funzo la kukupa. Ningekuwa nalo ningelitumia. Lakini unaenda kuosha wazee huko, na wengine wamefika miaka tisini. Wakati huo walikuwa watoto, wameketi mabegani mwa baba zao kwenye umati, wanapunga mikono. Labda mmoja ataamka akilia na hutajua ni kwa nini. Usimwangalie ukasema huyu ni wa watu wale. Baba yake alikuwa kama baba yako. Alijua kusoma, alienda kanisani, alipenda mtoto wake, na mkono wake ulikuwa karibu na kitu.

Bosibori yuko Nyansiongo mpaka leo. Macho yamepungua, masikio ni mazima, nimeuliza. Anakaa kwenye kibaraza upande wa kushoto wa barabara, ukitoka Keroka, pale mkaza mwana wake anapouza maziwa. Nimepita hapo mara nyingi nikipeleka spika Sotik, na kila mara naangalia dirisha la kulia kama kuna kitu.

Kesho nimemwambia dereva asimame hapo. Mama yako anajua. Sijui kama Bosibori atanifukuza, na akinifukuza ni haki yake, tutaendelea na safari. Wewe usishuke kwa sababu yangu. Una ndege ya kushika, na wewe hukufanya kitu. Lakini ukitaka kushuka, shuka, umwambie jina lako. Alilipenda hilo jina kabla sijalichafua.

Siendi kueleza. Nimefanya mazoezi ya kueleza kwa miaka, na kila mara nikieleza nasikia ni ile sauti ya spika. Siku hiyo alikuwa ananiambia kitu, muda mrefu, akininyooshea mkono wa unga, na mimi sijakijua mpaka leo. Nitakaa chini pale kwenye kibaraza, chini kuliko yeye, nimwambie, mama, ni mimi mwana wa Kerubo. Nimezima. Sema.

Baba yako